Msiba wa Mchoraji na Uso wa Marehemu: Kumtazama Upya "Mtoto Mgonjwa" wa Edvard Munch

UTANGULIZI

Katika mihadhara na semina zetu za fasihi kuna swali moja ambalo halikosekani: je, msanii huyu anasema na nani, na anaisaidiaje jamii yake? Ni swali zuri, wala makala hii haikusudii kulitupa jalalani. Lakini swali hilo limezaa uvivu wa aina mbili. Wapo wahakiki ambao wakikutana na kazi iliyotokana na majonzi ya mtu mmoja, haraka haraka huibandika jina la "ubinafsi" na kuiweka kando. Na wapo wengine ambao wakishajua tu kwamba msanii alifiwa, basi kazi ya uhakiki kwao imekwisha. Kwa nini rangi ni nzito? Alifiwa. Kwa nini uso umegeuzwa pembeni? Alifiwa. Hebu tuseme ukweli: huo si uhakiki, ni kutoa rambirambi.

Makala hii inajaribu kupita kati ya njia hizo mbili. Tutamwangalia mchoraji mmoja, Edvard Munch wa Norwe (1863-1944), na hasa picha yake iitwayo "Mtoto Mgonjwa" aliyoichora mwaka 1885 hadi 1886. Swali letu ni la fani kwanza: msiba unapomwingia mchoraji wa sura za watu, unabadilisha nini hasa pale juu ya turubai? Tukishalijibu hilo ndipo tutakapokuwa na haki ya kuuliza kama majonzi ya mtu mmoja yanaihusu jamii au la.

Msomaji anaweza kuuliza, kwani gazeti la fasihi lina shughuli gani na picha za kuchora? Jibu ni fupi. Sanaa zote ni ndugu, na tatizo tunalolizungumzia hapa ni letu pia. Shaaban Robert alimlilia mkewe katika shairi la "Amina", na hadi leo tunalisoma shairi hilo bila kukubaliana kama tunasoma habari za Amina, za Shaaban, au za sisi wenyewe.

USULI WA MSIBA

Munch alizaliwa Desemba 1863. Babake, Christian Munch, alikuwa daktari wa jeshi, mtu wa dini sana. Familia iliishi Kristiania, mji ambao tangu 1925 unaitwa Oslo. Mwaka 1868 mamake alifariki kwa kifua kikuu, Edvard akiwa na miaka 5 tu. Mama mdogo, Karen Bjølstad, ndiye aliyehamia nyumbani akawalea watoto. Mwaka 1877 ugonjwa ule ule ukamchukua dada yake mkubwa, Sophie, akiwa na miaka 15. Edvard alikuwa na miaka 13. Babake alifariki 1889, na mdogo wake Andreas mwaka 1895. Dada mwingine, Laura, alipata maradhi ya akili.

Tulitazame jambo moja hapa kwa makini. Baba alikuwa daktari, lakini hakuweza kumponya mkewe wala bintiye. Hilo halikuwa kosa lake. Robert Koch alitangaza kukigundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, miaka 5 baada ya Sophie kuzikwa, na dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi yake, streptomaisini, ilipatikana 1943, mwaka mmoja kabla ya Munch mwenyewe kufariki. Kwa hiyo katika nyumba ile mganga alikuwepo, chupa za dawa zilikuwepo, maombi yalikuwepo, na mtoto alikufa vilevile. Usuli huu tuuweke akilini, maana chupa hiyo ya dawa tutakutana nayo ndani ya picha.

PICHA YENYEWE

Turubai ni karibu mraba, kiasi cha sentimita 120 kila upande. Msichana mwenye nywele nyekundu amekaa kitini, ameegemea mto mkubwa mweupe, miguu imefunikwa blanketi. Hatutazami sisi. Uso wake, mweupe kama wa mtu aliyekwisha damu, umeelekea upande wa kulia lilipo pazia zito la giza. Kando yake ameketi mwanamke aliyevaa nguo nyeusi, ameinamisha kichwa kiasi kwamba uso wake hauonekani kabisa. Mikono yao imekutana katikati ya picha. Kushoto kuna chupa juu ya kabati, na upande wa kulia chini kuna glasi. Basi. Hakuna zaidi.

Aliyemkalia mchoraji hakuwa Sophie, kwani Sophie alikwishafariki miaka 8 kabla. Alikuwa Betzy Nilsen, binti wa miaka 11 ambaye Munch alimwona alipofuatana na babake kwenda kutibu. Na yule mwanamke aliyeinama, aliyemkalia ni mama mdogo Karen. Sasa fikiria hali iliyokuwa ndani ya chumba kile cha kazi: binti mzima wa afya amekalishwa mahali pa marehemu, na mama mdogo, ambaye kweli alikuwepo Sophie alipougua, amekalishwa alie upya. Tunachokiona si kumbukumbu tu. Ni kama igizo la msiba, na mmoja wa waigizaji ni mfiwa mwenyewe.

Picha hii ilionyeshwa 1886 katika maonyesho ya majira ya kupukutika kwa majani mjini Kristiania, kwa jina la unyenyekevu tu: "Mazoezi". Watu waliicheka. Walisema haijamalizika, ni uchafu wa rangi, mchoraji hajui kazi. Ndugu msomaji, kabla hatujawacheka wale waliocheka, tujiulize waliona nini.

MKWARUZO KAMA LUGHA

Walichokiona ni mikwaruzo. Munch hakuichora picha hii mara moja. Kwa karibu mwaka mzima aliipaka rangi, akaikwangua, akapaka tena, akaikwangua tena. Ukiitazama kwa karibu utaona mistari iliyochimbwa ndani ya rangi, ya wima na ya kulala, kana kwamba mtu amepitisha kucha. Pale mikono miwili inapokutana, mahali ambapo mchoraji yeyote wa shule angejitahidi aonyeshe kila kidole, kuna doa tu la rangi. Vidole havihesabiki.

Mhakiki wa haraka atasema: "Huyu alikuwa na uchungu, ndiyo maana alikwaruza." Lakini ngoja kidogo. Uchungu peke yake haukwaruzi turubai kwa mwaka mzima. Mtu mwenye uchungu hulia, hulala, huenda zake matembezini. Kinachokwaruza ni uamuzi wa kifani. Kila alipofikia uso uliokamilika, uliokuwa wa Betzy, aligundua kwamba si ule anaoutafuta. Uso mzuri uliomalizika ulikuwa ni uwongo, kwa sababu mfiwa haukumbuki uso wa marehemu ukiwa umemalizika. Anaukumbuka vipande vipande: rangi ya nywele kwenye mto, jinsi kichwa kilivyogeuka, weupe wa shavu. Kadiri unavyojaribu kuukazia macho, ndivyo unavyokimbia. Aliyefiwa ananielewa.

Munch mwenyewe aliandika baadaye kwamba katika kuichora picha ile aligundua kuwa kope zake zilikuwa zinaingia katika kile alichokiona, naye akaziweka kama vivuli juu ya picha. Hebu tafakari jambo hili. Katika desturi ya picha za sura za watu, mchoraji ni kioo, anatakiwa asionekane. Hapa mchoraji ameacha kope zake mwenyewe ndani ya picha, na kope huonekana kwa mwenye nazo pale tu anapoyafumba macho nusu au yanapolowa. Kwa hiyo tunachotazama si Sophie kama alivyokuwa. Tunamtazama Sophie kupitia jicho la mdogo wake. Katika istilahi tulizozizoea za fasihi, nafsi ya msimulizi imeingia ndani ya hadithi, tena bila kusema neno hata moja.

KROHG NA MUNCH: MSIBA MMOJA, FANI MBILI

Ili tusidhani kwamba kila msiba huzaa fani ya namna moja, tufanye ulinganisho. Christian Krohg, mchoraji wa uhalisia aliyemtangulia Munch na kumsaidia katika ujana wake, naye alipotewa na dada kwa kifua kikuu. Mwaka 1880 hadi 1881 alichora picha ya "Msichana Mgonjwa". Huyu ameketi akitutazama moja kwa moja, amefunikwa blanketi jeupe, mkononi ameshika ua la waridi linalonyauka. Kila kitu kimekamilika: macho mekundu kwa homa, mikunjo ya blanketi, ukucha wa kidole.

Picha ya Krohg ni kali. Mtoto yule anatushika shati. Anauliza: mnaniona? Huo ndio uhalisia katika ubora wake, na nguvu yake ni ya kijamii: inamkalisha mgonjwa mbele ya tabaka lililozoea kutazama pembeni. Lakini tukubali kwamba ndani ya picha ile Krohg mwenyewe hayupo. Ametuachia mgonjwa, yeye akatoka chumbani akafunga mlango taratibu.

Munch hakutoka. Mgonjwa wake hatutazami kwa sababu picha haihusu mgonjwa kutazamana na jamii, inahusu waliobaki kumtazama anayeondoka. Na ndiyo sababu uso wa mama mdogo umefichwa. Mgonjwa ana uso, mfiwa hana. Ingekuwa rahisi sana kuchora machozi, na watazamaji wa 1886 wangeyanunua. Munch aliyakataa. Alijua, nadhani, kwamba ukishachora chozi, mtazamaji analitazama chozi na kumsahau anayelia.

Hapa ndipo mfano wa Shaaban Robert unapotusaidia. Yeye aliukabidhi msiba wake kwa vina na mizani alivyovirithi, na utaratibu ule wa mapokeo ukambebea mzigo. Munch aliukabidhi msiba wake kwa utaratibu wa shule ya uchoraji aliourithi, akaona haubebi, akauvunja. Hakuna aliye juu ya mwenzake. Ila tunajifunza kwamba msiba huipima fani. Wakati mwingine fani ya jadi inatosha kuubeba, wakati mwingine inapasuka, na kazi ya mhakiki ni kueleza ilipasukia wapi na kwa nini.

WALIOBAKI WANAZEEKA

Mwaka 1893 Munch alirudi katika chumba kile kwa picha nyingine, "Kifo katika Chumba cha Mgonjwa". Sophie amekaa kitini, lakini kiti kimetupa mgongo, marehemu hatumwoni. Tunaowaona ni jamaa. Baba amekunja mikono anaomba. Mama mdogo amesimama karibu na kiti. Laura ameketi ameinama. Inger amesimama akitutazama, uso mweupe. Andreas anaelekea mlangoni. Hakuna anayemgusa mwenzake wala anayemtazama mwenzake.

Sasa kuna jambo moja ambalo likikupita, picha yote imekupita. Ndugu hawa hawakuchorwa wakiwa watoto wa 1877. Wamechorwa na umri waliokuwa nao 1893. Ni watu wazima, wamekusanyika kwenye kifo kilichotokea miaka 16 nyuma. Na baba yumo, ingawa alikwishafariki 1889. Kwa kalenda ni kosa, kwa msiba ni sahihi kabisa. Matanga yanaanuliwa, wageni wanarudi makwao, mikeka inakunjwa, lakini chumba kile mfiwa anatembea nacho. Kila akiingia, anaingia na umri alio nao siku hiyo.

Nadhani hii ndiyo athari kubwa kuliko zote za msiba katika picha zake za sura za watu. Angalia picha aliyomchora dada yake Inger mwaka 1892: amesimama peke yake, mikono imeshikana mbele, nyuma yake hakuna chochote cha kumsaidia, si meza wala pazia. Inger hakuwa amekufa, bali aliishi hata akamzika kaka yake. Lakini amechorwa na mtu aliyekwisha kujua kwamba kila anayesimama mbele yako anaweza kuondoka. Msiba umetoka kuwa mada, umekuwa namna ya kutazama.

JE, HUU SI UBINAFSI?

Turudi basi kwenye swali la semina. Tuanze na hoja ya upande wa pili, tena tuipe haki yake. Munch aliichora "Mtoto Mgonjwa" kwa rangi mara 6, ya mwisho ikiwa ya miaka ya 1920, mbali na nakala za chapa alizozitoa tangu 1894. Na si zote zilitokana na kukosa usingizi. Mojawapo ya zile za 1907 aliichora kwa agizo la Ernest Thiel, tajiri wa benki wa Uswidi. Yaani msiba wa nyumbani kwa daktari wa jeshi ukawa bidhaa yenye wateja. Mwanafunzi wa nadharia ya Kimarx atatabasamu hapa, na ana haki. Msanii hali mawe. Anayeandika kuhusu huzuni ya Munch bila kutaja soko anaandika hekaya ya mtakatifu.

Lakini hoja hii haifiki mbali kama inavyodhani. Soko linaeleza kwa nini picha ilichorwa tena. Halielezi kwa nini ile ya kwanza ilichorwa, maana ile ya kwanza haikuwa na mteja, ilichekwa. Wala halielezi kwa nini Munch mwenyewe alisisitiza uzeeni kwamba picha ile ndiyo iliyomfungulia njia, na kwamba mengi aliyoyafanya baadaye yalizaliwa humo.

Pia tutazame ile chupa juu ya kabati. Kifua kikuu hakikuwa msiba wa nyumba moja. Kilikuwa ugonjwa wa miji iliyosongamana ya Ulaya ya karne ya 19, na nyumba zisizo na marehemu wake zilikuwa za bahati. Munch hakuchora takwimu. Alichora chupa moja isiyotibu, katika nyumba ya daktari. Kwa kuchora hivyo alisema kuhusu zama zake jambo ambalo hotuba isingelisema: elimu ilikuwepo, upendo ulikuwepo, na havikutosha.

Na wakubwa wa dunia hawakudanganyika kwamba picha hii ni mambo ya chumbani tu. Ile iliyokuwa katika jumba la sanaa la Dresden iliondolewa na serikali ya Wanazi katika kampeni yao ya mwaka 1937 dhidi ya sanaa waliyoiita potovu, pamoja na makumi ya kazi nyingine za Munch. Iliuzwa nje, na tangu 1939 iko London katika jumba la Tate. Dola lililotaka sura za watu wenye misuli, afya na ushindi halikuweza kumvumilia msichana mmoja anayekufa kwenye mto. Kama picha hii ni ubinafsi mtupu, mbona iliwakera kiasi hicho?

Sisi nasi tuna namna zetu za kuukimbia uso wa mgonjwa. Mfiwa anaambiwa "jikaze". Fundi wa kuchora wa mtaani anapelekewa picha ya pasipoti ya marehemu na kuombwa amtoe akiwa amenawiri, ikiwezekana na tabasamu. Sidharau kazi hiyo. Inawafariji watu, na faraja si kitu kidogo. Ninachosema ni kwamba picha ya kufariji na picha ya kusema kweli ni kazi mbili tofauti, na jamii inazihitaji zote mbili. Ya kwanza inatusaidia tulale. Ya pili inatukataza kusema kwamba hakuna kilichotokea.

HITIMISHO

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba msiba binafsi, katika kazi ya Edvard Munch, haukufanya kazi kama "chanzo cha huzuni" tu. Ulifanya kazi tatu za kifani. Kwanza, uliuvunja uso uliokamilika, kwa sababu kumbukumbu ya mfiwa haina uso uliokamilika. Pili, ulimwingiza mtazamaji wa kwanza, yaani mchoraji, ndani ya picha, kope zake zikiwemo. Tatu, ulivuruga kalenda, ukawakalisha watu wazima wa 1893 kwenye kifo cha 1877. Haya matatu yanaonekana kwa macho juu ya turubai. Hayahitaji tumwonee Munch huruma ili tuyakubali.

Kwa hiyo kwa wenzangu wanaosema majonzi ya mtu mmoja si mali ya jamii, nasema: nendeni mkaitazame ile chupa. Na kwa wenzangu wanaodhani kwamba kutaja kifo cha Sophie kunatosha, nasema: watu wengi mno walifiwa na dada zao kwa kifua kikuu katika karne ile, na mmoja wao alikuwa Krohg, mchoraji hodari, lakini hakuna mwingine aliyechora picha hii. Kilicho kati ya msiba na picha ni kazi: mwaka mzima wa kupaka na kukwangua. Hapo ndipo mhakiki anapopaswa kupiga kambi.

Nafahamu wapo watakaopinga, hasa kuhusu Krohg, ambaye pengine nimembana. Uwanja uko wazi. Walete hoja zao, ila waje wameitazama picha.